Siti binti Saad: Sauti Iliyotangulia Kitabu

Miongoni mwa majina ambayo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nayo na kuyapita mbio ni jina la Siti binti Saad. Hutajwa katika mstari mmoja au miwili pale mwalimu anapoifikia taarab katika somo la fasihi simulizi, hunakiliwa daftarini, hukaririwa usiku wa kuamkia mtihani, kisha husahauliwa. Huku kwetu Lowarengak, ambako ziwa li karibu na bahari i mbali mno, hali ni mbaya zaidi. Mwanafunzi ambaye hajapata kuuona udi wala kuusikia hudhani kwamba habari za taarab ni habari za watu wa pwani, waungwana wenye kanzu na marashi, na kwamba yeye, mtoto wa mvuvi au wa mfugaji, hana fungu humo. Nia ya makala haya ni kumwonyesha kwamba analo fungu, tena kubwa. Maana mwanamke huyo mashuhuri hakuanza maisha yake katika marashi. Alianza katika udongo.

Alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Kinyamwezi, na mama yake asili ya Kizigua. Yaani wote wawili walitoka katika koo za bara ambazo watu wake wengi waliletwa visiwani kwa minyororo. Walikuwa maskini, watu wa jembe na wa kufinyanga vyungu. Na jina alilopewa binti yao siku alipozaliwa halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa.

Mwalimu asiliharakie jambo hilo. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa tangu mwaka 1873, lakini kufungwa kwa soko hakukuwa kufungwa kwa utumwa wenyewe. Mashamba ya mikarafuu yaliendelea kulimwa na mikono isiyolipwa, na hata baada ya Uingereza kuitwaa nchi chini ya hifadhi yake mwaka 1890, sheria iliendelea kumtambua mtumwa kuwa mali ya mwenziwe hadi mwaka 1897. Mtoto huyu alikuwa na umri wa miaka kumi na saba hivi amri ya kufuta utumwa ilipotolewa. Kwa hiyo jina lake halikuwa utani wala mapambo. Lilikuwa maelezo ya cheo chake duniani, na kila aliyemwita alimkumbusha pale alipowekwa.

Shule hakuiona. Watoto wa aina yake, na hasa wa kike, hawakufikiriwa kuwa watu wa kusomeshwa. Alichofundishwa ni kazi ya mama yake: kuchimba udongo, kuukanda, kuufinyanga, kuvichoma vyungu, kisha kuvibeba kichwani hadi mjini kuviuza. Kutoka Fumba hadi mjini ni mwendo wa saa kadhaa kwa miguu, na chungu si mzigo wa kuchezea. Ukijikwaa mara moja, kazi ya juma zima imekuwa vigae. Wanafunzi wetu wanaijua kazi ya namna hiyo. Huwaona mama zao wakisuka vikapu kwa majani ya mkoma, au wakibeba samaki waliokaushwa kwenda kuwauza, na wanajua jinsi mwuzaji anavyolazimika kuita ili aliye ndani ya nyumba atoke nje. Binti wa Fumba naye aliita. Tofauti ni kwamba aliita kwa kuimba, na sauti yake ikawa na habari. Watu walimtambua kabla hawajamwona. Wengine, yasemekana, walitoka kuisikiliza sauti hata kama hawakuhitaji chungu.

Mwaka 1911 aliacha kwenda na kurudi akahamia mjini moja kwa moja. Ni mwaka uleule ambao Sayyid Khalifa bin Haroub alikalia kiti cha usultani, na mtu angecheka wakati ule kama angeambiwa kwamba mfinyanzi aliyeingia mjini na kaniki yake siku moja angeimba mbele ya mfalme huyo. Kaniki ilikuwa nguo nyeusi ya bei ya chini, vazi la wajakazi, na wanawake wengi walikuwa wameitupa tangu utumwa ufutwe, wakachagua kanga zenye rangi ili asiwepo wa kuwauliza wametoka wapi. Yeye alikuwa hana uwezo wa kuchagua.

Inafaa tueleze hapa muziki alioukuta mjini ulikuwa wa namna gani, kwa sababu vitabu vyetu vya shule huzoea kusema kwamba Siti ndiye aliyeanzisha taarab. Si kweli, na sifa yake haihitaji uongo huo. Taarab ilikuwapo. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri, akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kanuni ili arudi kuwatumbuiza watu wa jumba lake. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda kundi la Ikhwani Safaa, ambalo ni miongoni mwa makundi ya muziki yaliyodumu muda mrefu zaidi Afrika Mashariki. Lakini taarab hiyo ilikuwa ya wanaume, ya nyumba kubwa, na lugha yake ya heshima ilikuwa Kiarabu. Waliokuwa wakisikiliza kwa adabu na kutikisa vichwa hawakuwa wote wanafahamu kilichoimbwa. Kutofahamu nako kulikuwa sehemu ya fahari.

Mwanamuziki mmoja wa jamii hiyo ya taarab aliisikia sauti ya binti wa Fumba, akaona kwamba ingekuwa hasara kuiacha iishie katika kuuza vyungu. Akamfundisha, akamjulisha kwa wenzake. Hapa ndipo mwanamke huyu alipoionyesha akili yake, ambayo nadhani husahauliwa kwa sababu watu huishangaa koo tu. Alikuwa hajui kusoma wala kuandika, si kwa herufi za Kiarabu wala za Kizungu. Kila beti alilihifadhi kwa sikio. Nyimbo za Kiarabu, zenye matamshi magumu ambayo hata mwenye kitabu mkononi huyakosea, alizishika kwa kusikiliza na kurudia, kusikiliza na kurudia, hadi wenye lugha yao wakakiri kwamba hakosei. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha anajua kwamba kumbukumbu ya namna hiyo si kitu cha kila siku.

Alizungukwa na wanaume waliokuwa mafundi: Subeti Ambari, Maalim Shaabani, Buda bin Swedi na Mbaruku. Wao walipiga udi, fidla na vyombo vinginevyo, na nyimbo nyingi zilitungwa kwa ushirika, huyu akileta kisa, yule akileta beti, mwingine akirekebisha mahadhi. Kwa hiyo tunaposema nyimbo za Siti tunasema nyimbo za kundi lililokuwa na Siti kama kinywa chake. Hilo halimpunguzii kitu. Na ni wakati huo ndipo jina Mtumwa lilipotoweka, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Kubadili jina ni rahisi kuliko kubadili ndimi za watu. Wapinzani wake walimtungia maneno ya kumkejeli ambayo hadi leo yanajulikana pwani nzima. Walimwuliza lini alipokuwa mtu, wakamkumbusha kaniki aliyokuja nayo, wakasema kwamba lau si sauti asingekuwa na cha kula. Walimsema pia kwa sura yake, kwamba hakuumbwa mzuri. Jibu lake alilitoa kwa wimbo, na maana yake ilikuwa kwamba sura si hoja, na kwamba aibu ya mtu ni kukosa akili. Nimeona wanafunzi wakicheka wanapofafanuliwa majibizano hayo, kisha wakanyamaza ghafla, kila mmoja akifikiri jambo lake. Katika bweni la shule yoyote ile wapo wanaoulizwa swali hilohilo: wewe umekuwa mtu lini?

Nyumba yake ilikuwa Ng'ambo. Kwa asiyeujua mji wa Unguja, Ng'ambo ni upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuwa ukiitenga Mji Mkongwe na mtaa wa makuti. Upande huu majumba ya mawe, upande ule vibanda vya udongo na miti, na humo ndimo walimokaa waliokuwa watumwa, vibarua, wachukuzi, wavuvi, wauza maji na wageni kutoka bara. Siti aliimba katika majumba ya mawe alipoalikwa. Aliimba kwa matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi, aliimba kwa Sultani. Lakini nyumbani kwake Ng'ambo, usiku, ndiko majirani walikokusanyika, na huko aliwaimbia kwa Kiswahili habari zao wenyewe.

Sisemi kwamba hakuna aliyeimba kwa Kiswahili kabla yake. Watu wa Lamu wangenicheka. Lakini kuitwaa taarab, muziki wa jumba, na kuitia ndani yake maneno ya uani na visa vya mahakamani, na kuifanya isikilizwe na mjakazi na bwana pamoja, hilo lilikuwa jambo jingine.

Tuchukue wimbo wa Kijiti, ambao ndio mashuhuri kuliko nyimbo zake zote. Kisa chake ni cha kweli. Mwanamke mmoja mjamzito alitoka Dar es Salaam akaja Unguja kutembea. Akapelekwa matembezini, pombe ikanywewa, na huko mwanamume aitwaye Kijiti akamwua. Mwuaji akakimbilia bara. Kesi ilipofika mahakamani, waliotiwa hatiani ni wanawake waliokuwa pamoja na marehemu, kwa sababu ya ile pombe, na aliyemwaga damu akabaki anatembea. Mtaa wote uliona kwamba mambo yamepinduliwa juu chini. Gazeti la kuwasemea halikuwapo, baraza la kuwasikiliza halikuwapo, na hakimu alikuwa Mzungu asiyeulizwa swali. Siti akaimba. Akasimulia kisa tangu mwanzo hadi mwisho, akataja waliofungwa, akataja aliyekimbia, na kila aliyesikia akaelewa hukumu ya Ng'ambo ilikuwa ipi.

Upo mwingine unaomhusu karani. Huyu alikuwa mtu wa kalamu katika mji ambao wengi hawakuijua kalamu, akatumia elimu yake kuandika hati za hila na kuwanyang'anya wasiojua kusoma. Alipopatikana na kufungwa, Siti na wenzake wakamtungia wimbo wa kufurahia anguko lake. Ningependa walimu wenzangu waufikirie wimbo huo kwa makini. Sisi tunamfundisha mtoto kwamba kutojua kusoma ni giza, na ni kweli. Lakini mama huyu, ambaye mwenyewe alikuwa katika giza hilo, aliona jambo ambalo vitabu vyetu havilitaji mara nyingi: kwamba mwenye taa anaweza kuitumia kumchomea jirani nyumba.

Sasa twende Bombay, mji ambao siku hizi huitwa Mumbai. Mwezi wa Machi mwaka 1928, Siti na kundi lake walivuka bahari ya Hindi kwenda huko kuimba mbele ya mashine ya kampuni ya santuri ya His Master's Voice. Wakawa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki kurekodiwa nyimbo zao kwa ajili ya biashara, na Siti akawa mwanamke wa kwanza wa eneo hili kufikia hatua hiyo. Kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda chake India tangu mwaka 1908, mjini Calcutta. Sahani za santuri za siku zile zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu unaokusanywa katika miti ya India, zikawa ngumu kama kigae, nazo zikianguka zilivunjika kama kigae. Mwana wa mfinyanzi hakuepukana na vitu vya kuvunjika.

Tusisahau ugumu wa kazi yenyewe. Taarab ya usiku haina haraka. Wimbo mmoja huweza kuchukua nusu saa, mwimbaji akilirudia beti kadiri wasikilizaji wanavyolitaka, na tuzo zikitolewa. Sahani ya santuri, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilibeba dakika tatu hivi kwa kila upande. Siti alilazimika kukata, kubana na kuchagua, katika chumba kisicho na mtu wa kuitikia, mbele ya chombo kisichopiga kofi. Aliweza. Kabla ya miaka mingi kupita, kundi lake lilikuwa limerekodi nyimbo nyingi kwa kampuni zaidi ya moja, sahani zikauzwa kwa makumi ya maelfu, na katika mikahawa ya miji ya pwani, mtu asiyekuwa na uwezo wa kununua santuri aliweza kununua kikombe cha kahawa na kumsikiliza Siti kwa bei hiyo.

Jina la kampuni lile lina maana ya Sauti ya Bwana Wake, na nembo yake ni mbwa aliyeinamisha kichwa mbele ya pembe ya gramafoni, akiisikiliza sauti ya aliyemfuga. Juu ya karatasi yenye mbwa yule liliandikwa jina la mwanamke aliyezaliwa akiitwa Mtumwa. Sijui kama Siti aliwahi kufasiriwa maneno hayo.

Mwaka huo wa 1928 haukuwa mwaka wa kawaida, na kwa sisi tunaofundisha Kiswahili una maana ya pekee. Mwezi wa Juni, miezi mitatu tu baada ya safari ya Bombay, wajumbe wa serikali za kikoloni na wa misheni walikutana Mombasa kuamua ni lahaja ipi itakayosanifishwa ili itumike mashuleni kote Afrika Mashariki. Wakaichagua Kiunguja, na kufikia mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kuisimamia. Kiswahili tunachokiandika ubaoni hapa Lowarengak ni mtoto wa uamuzi ule. Historia tunayowafundisha wanafunzi inawataja maofisa na wamisionari waliokaa mezani, na ni haki watajwe. Lakini wakati wajumbe walipokuwa wakijadili, mwanamke asiyejua kusoma alikuwa tayari ameshakiimba Kiunguja katika santuri, na kabla kitabu cha kwanza cha Kamati hakijapigwa chapa, sauti yake ilikuwa imeshaingia katika mikahawa ya pwani. Mkutano ule haukumfahamu wala haukumhitaji. Hata hivyo ukweli wa tarehe hauondoki.

Mwaka huohuo, tena, wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja kwa wenye ardhi. Ni majirani wa Siti, wale wale waliokaa barazani kwake usiku. Na mwaka mmoja nyuma, 1927, ndipo serikali ilipofungua shule yake ya kwanza ya wasichana mjini Unguja. Kwa Siti, aliyekuwa na umri wa karibu miaka hamsini, shule hiyo ilikuwa imechelewa.

Ili tumpime vizuri mtu wetu, tutazame upande wa pili wa bahari nyingine. Huko Marekani, wajukuu wa watumwa walikuwa na muziki wao wa majonzi na wa mzaha ambao huitwa bluzi, na ambao ndio uliozaa jazi pamoja na mengi yanayopigwa redioni leo. Kwa miaka mingi makampuni ya santuri hayakuamini kwamba mtu mweusi angenunua sahani. Mwaka 1920 Mamie Smith akarekodi, sahani ikauzwa ajabu, na makampuni yakakimbilia waimbaji wanawake weusi. Mkubwa wao alikuwa Bessie Smith, mzaliwa wa Chattanooga mwaka 1894, yatima aliyeimba barabarani kuomba senti huku kaka yake akimpigia gitaa. Mwaka 1923 aliingia studio akisindikizwa na piano ya Clarence Williams, na sahani yake ya kwanza ikauzwa kwa mamia ya maelfu. Aliimba habari za mafuriko, umaskini, jela na wanaume wabaya. Alilipwa kiasi kilichopangwa kwa kila wimbo, na faida ya mauzo ikabaki kwa kampuni. Alikufa mwaka 1937 kwa ajali ya gari huko Mississippi, na kaburi lake likakaa bila jiwe hadi mwaka 1970.

Siti na Bessie hawakujuana. Mmoja alikuwa Mwislamu wa Unguja aliyeimba katikati ya udi na fidla, mwingine mwanamke wa majukwaa ya Marekani aliyeimba juu ya piano na tarumbeta. Lakini walirekodiwa katika muongo mmoja, kwa aina moja ya mashine, na wote wawili walichukua lugha ya watu waliodharauliwa na kuifanya inunuliwe na waliokuwa wakiidharau. Dunia inajua mmoja wao zaidi ya mwingine. Nadhani sababu si sauti. Marekani ina makumbusho, ina vyuo, ina watu wanaolipwa kuandika wasifu wa waimbaji. Sisi tuna mstari mmoja daftarini.

Tulibahatika kwamba alikuwapo mtu mmoja aliyeona mbali. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, alikutana na Siti katika siku zake za mwisho, akaketi naye, akamwuliza habari za maisha yake na kuziandika. Siti akafariki tarehe 8 Julai 1950. Wasifu wa Siti binti Saad ulichapwa mwaka 1958, na ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa katika lugha yetu ambamo Mwafrika anaandika maisha ya Mwafrika mwenziwe, tena ya mwanamke, tena ya mtu asiyekuwa mfalme wala shehe. Shaaban Robert naye akaaga dunia mwaka 1962.

Hata hivyo nina neno kuhusu jinsi tunavyokisoma kitabu kile. Shaaban Robert alikuwa mtu wa maadili. Katika Siti aliona mfano wa bidii, subira na tabia njema, na walimu tumeupokea mfano huo kwa furaha kwa sababu unafaa darasani: mtoto maskini aliyejitahidi akafaulu. Somo hilo ni zuri, lakini likisimama peke yake linamfanya Siti kuwa mtu mpole kuliko alivyokuwa. Mtu mpole hamwimbi hakimu. Mtu mpole hamwimbi karani mwenye marafiki. Tukimfundisha kama mfano wa kuvumilia tu, tunaondoa nusu ya maisha yake, na huenda ni ile nusu iliyowafanya watu wavuke mkono wa bahari usiku kwenda kumsikiliza.

Kosa hilo lina madhara hapa hapa kwetu. Wanafunzi wetu wanatoka katika watu wa nyimbo. Mfugaji wa Kiturkana humtungia fahali wake wimbo wa sifa, na katika ngoma ya edonga aliyetenda jambo la aibu husikia habari zake zikiimbwa na wenziwe. Kakuma, tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992, watu wa Kongo, wa Sudan na wa Somalia wamekuja na nyimbo zao, na Kiswahili kimekuwa daraja lao. Mtoto huyo akiingia darasani, tunamwambia aorodheshe sifa tano za nyimbo. Tunamfundisha ufafanuzi wa kitu ambacho yeye anakijua kwa damu, na hatumwulizi anachokijua. Akiwa hodari wa kuimba lakini dhaifu wa insha, tunaandika katika ripoti yake kwamba anapoteza wakati. Sipendekezi kwamba tuache kufundisha kusoma. Siti mwenyewe angeliwacheka watakaosema hivyo, kwa kuwa alijua karani anaweza kufanya nini. Ninachopendekeza ni kidogo na hakihitaji fedha: somo la taarab lianze kwa kusikiliza. Nyimbo kadhaa za Siti zimeokolewa kutoka katika sahani za zamani, na siku hizi simu ya mkononi inatosha kuzipata. Mkwaruzo wa sindano utasikika kabla ya sauti, na wanafunzi watalalamika. Waacheni walalamike dakika moja. Kisha waulizwe: huku kwetu, kisa kama cha Kijiti kingeimbwa na nani?

Miaka ya mwisho ya Siti haikuwa na kelele nyingi. Dhiki ya uchumi iliyoanza mwaka 1929 ilipunguza wanunuzi wa santuri, na vita vya pili vya dunia vikafuata. Waimbaji wengine walitokea, wa kike kwa wa kiume, wakiifuata njia aliyoifungua.

Jina lake halikupotea kwa wanawake wenziwe. Chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilipotafuta jina la jarida lake kiliamua kuliita Sauti ya Siti. Nikiliona jina hilo humkumbuka yule mbwa na pembe yake. Na nyimbo zenyewe zilipata mrithi katika Fatuma binti Baraka, ajulikanaye kama Bi Kidude, ambaye alizoea kusimulia kwamba utotoni alizidaka kwa kumsikiliza Siti kutoka nje, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kukaa ndani. Bi Kidude naye hakuwa mtu wa shule. Alizunguka Ulaya na Japani akiwa bibi kizee, sigara mkononi, miguu mitupu, akiimba Kijiti mbele ya watu wasiojua Unguja iko upande gani. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na hadi karibu na siku hiyo yule mwuaji aliyekimbilia bara alikuwa bado anatajwa jina lake hadharani.